Mbegu Moja, Miche Mitatu: Maswali ya Michungwa

Baada ya wiki kadhaa za parachichi, safari hii maswali karibu yote ni ya michungwa. Nimeyafupisha kidogo.

Shikamoo bwana shamba. Nina mchungwa mtamu ajabu. Nilipanda mbegu zake, na moja ikatoa miche mitatu. Nimepata aina mpya tatu? (Ipinda, Kyela)

Marahaba. Huenda hujapata hata moja. Chukua mbegu ya chungwa, uimenye kwa ukucha maganda yote mawili. Ndani hutakuta kiini kimoja, utakuta viwili, vitatu au zaidi vimebanana, vingine vidogo kama punje ya ulezi. Kwa kawaida kimoja tu ndicho kilichotokana na chavua, yaani kina baba na mama. Vilivyobaki vimeota kwenye nyama ya mama mtupu, ni nakala yake. Na yule mwenye baba mara nyingi ndiye dhaifu, wenzake wanamsonga anakufa mapema.

Kwa hiyo miche yako huenda ni mchungwa uleule. Utamu utaupata, ila mchungwa wa mbegu una miiba mirefu, unapaa juu, na unaweza kukaa miaka mitano hadi kumi kabla ya kuzaa. Chukua vikonyo vya mti huo ubebeshe, yaani uviunganishe kwenye shina la mche mwingine, mwaka wa tatu au wa nne utaanza kuchuma.

Hapa ndipo watafiti wanapotokwa jasho. Mtu anachukua chavua ya mti huu, anaipaka kwenye ua la mti ule, anafunika ua, anavuna mbegu, anaotesha, na karibu zote zinakuwa nakala za mama. Njia moja ya kukwepa ni kuchagua mama ambaye mbegu zake zina kiini kimoja, kama balungi (pomelo) au chenza la Clementine. Nyingine naipenda zaidi: baba awe Poncirus, ndugu wa mchungwa kutoka China mwenye jani lililogawanyika mara tatu. Sifa hiyo ya jani hurithiwa waziwazi, basi kwenye kitalu kila mche wenye jani la sehemu tatu ni chotara wa kweli, wa jani moja unang'olewa. Baada ya hapo ni kusubiri matunda, kuonja, kubebesha, kupanda sehemu mbalimbali na kusubiri tena. Miaka 20 kwa aina moja si ajabu.

Majani ya mchungwa wangu yana vipele, na matunda yanabaki madogo ya kijani. Jirani anasema ni ugonjwa wa kijani, ning'oe. Hakuna aina inayostahimili? (Tukuyu)

Usiung'oe bado. Vipele ni alama ya mdudu mdogo mfyonza utomvu. Watoto wake hukaa chini ya jani changa, kila mmoja kwenye kishimo chake, na upande wa juu pakavimba. Anapenda baridi na unyevu, kwa hiyo Tukuyu ni kwao. Ndiye anayeweza kubeba bakteria wa ugonjwa huo, lakini si kila mdudu amebeba.

Ugonjwa wenyewe uangalie kwenye jani. Linganisha pande mbili za mshipa wa kati. Manjano ikiwa imekaa mabaka yasiyofanana kushoto na kulia, ingiwa na wasiwasi. Pande zikifanana, mara nyingi ni upungufu wa madini kama zinki. Kisha kata tunda: lililougua limepinda upande, mbegu zake nyingi zimesinyaa na kuwa kahawia, na ladha ni chungu. Rangi ya kijani peke yake haitoshi. Chungwa la Kyela huiva likiwa kijani kwa sababu ganda linahitaji usiku wa baridi ili libadilike. Ninyi baridi mnayo, ndiyo maana sipuuzi hofu ya jirani yako. Mwite afisa ugani auone, na ukithibitika, hapo ung'oe.

Kuhusu aina: hakuna chungwa linaloukinga ugonjwa huu. Chungwa lilitokana na balungi na chenza zamani sana, na aina zake zote, Valencia, Navel na nyingine, ni mabadiliko madogo ya ukoo huohuo mmoja. Anachougua mmoja wanaugua wote. Jimbo la Florida, Marekani, liliuona ugonjwa huu mwaka 2005, na uzalishaji wake wa machungwa umeanguka kwa zaidi ya asilimia 90. Kinga inatafutwa nje ya chungwa, kwa Poncirus na kwa ndimu mwitu za Australia. Huko Florida kuna chenza liitwalo Sugar Belle ambalo huugua lakini huendelea kuzaa vizuri. Hilo ni kustahimili, si kukinga.

Walioko joto nao wasijione salama. Mdudu mwingine wa aina hii, mwenye asili ya Asia na asiyeogopa joto, ameshaingia Tanzania.

Muuza miche anasema yake ni "chotara, hazishikwi na ugonjwa wowote", bei mara mbili. Ninunue? (Iringa mjini)

Muulize: aina inaitwaje, imebebeshwa kwenye shina gani, vikonyo vimetoka mti gani? Akikosa jibu hata moja, funga pochi. Huenda chotara ni shina la chini tu, na tunda halitokani na shina la chini.

Huku Makete Juni na Julai ni barafu. Kuna mchungwa wa baridi? (Makete)

Walishajaribu kuutengeneza. Baridi kali ilipoteketeza mashamba ya Florida mwaka 1894 na 1895, watafiti walichanganya chungwa na Poncirus, ambaye hupukutisha majani na kuvumilia barafu. Chotara wakavumilia kweli, lakini matunda yao yalikuwa machungu hayaliki. Hawakutupwa: leo wengine, kama Carrizo, ni mashina ya kubebeshea dunia nzima. Kwako mimi ningebaki na tufaha.

Machungwa yasiyo na mbegu yametiwa vinasaba maabara? (Mafinga)

Navel ilijitokeza yenyewe, tawi likabadilika huko Bahia, Brazili. Miche yake ilifika Riverside, California, mwaka 1873, na kwa kuwa haina mbegu imeenezwa kwa kubebesha tu. Chenza la Tango lilipatikana kwa kupiga vikonyo mionzi, tunda lenyewe halina mionzi. Wengine huchanganya miti miwili ambayo mmoja una kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi) maradufu, na watoto wao hawashiki mbegu.

Tawi la namna hiyo linaweza kutokea hata shambani kwako. Ukiona moja linazaa tofauti na mti mzima, tena vizuri, lifunge kitambaa, lifuatilie misimu miwili, na vikonyo uchukue kwenye tawi hilohilo.