Ivae saa ya mzee, usiifungie kabatini

Pole kwa msiba, mdogo wangu. Umeuliza kama saa ya mkononi ya marehemu baba yako, ya kujaza kwa kuzungusha kitufe cha pembeni, aliyoinunua akiwa kibarua kwenye ujenzi wa reli ya TAZARA, uivae au uitunze kabatini, maana inachelewa dakika kumi kwa siku.

Ivae. Ila kwanza ipeleke kwa fundi saa. Mafuta ya ndani hukauka hata saa ikikaa tu, na ukiitembeza hivyo vyuma vinasagana. Aifungue yote, aisafishe, aitie mafuta mapya, nawe ukae hapohapo ukiangalia. Lakini kasha, yaani gamba la nje, asiling'arishe! Mimi fundi mmoja aliing'arisha saa ya baba yangu mpaka herufi mbili ambazo baba alizichora mgongoni kwa msumari zikafutika. Alidhani ananifurahisha. Hadi leo nikipitisha kidole pale nakuta ni laini tu, na roho inaniuma.

Ijaze kila asubuhi taratibu, ikigoma, acha. Usiilaze juu ya spika ya redio, sumaku inavuruga mwendo wake. Na mvua za Tukuyu unazijua: ikianza kunyesha ivue, mipira yake ya kuzuia maji imeshachoka.

Hata baada ya matengenezo inaweza kupishana na simu yako dakika moja hivi kwa siku, usihangaike. Usiku iweke sikioni. Nyingi za enzi hizo hupiga mara tano kwa sekunde, na ndio mlio aliolala nao mzee kambini Makambako.