Muulize Mzee wa Kata: Ubungo ni ngome ya nani?

Toleo lililopita niliandika kwamba mtu wa Dar atakutajia kikosi cha Simba na Yanga cha miaka 20 nyuma kuanzia kipa mpaka namba 11, ila muulize mbunge wake wa mwaka 2000 alikuwa nani, anaanza kukuna kichwa. Kumbe nimechokoza nyuki. Maswali yamekuja mengi hatari, na mengi ni ya Ubungo, sijui watu wa huko wanakula nini. Nimechukua manne tu.

Shikamoo Mzee wa Kata. Kijiweni kwetu kuna ubishi una siku tatu sasa. Jamaa yangu anasema Ubungo ni ngome ya upinzani tangu vyama vingi vianze, mie nasema anaota. Tumewekeana supu ya pweza. Nani analipa? (Fundi redio, Manzese)

Marahaba mwanangu. Kabla hamjamwagiana hiyo supu ngoja tuhesabu taratibu, maana hapa kila mmoja ana nusu yake.

Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, 1995, Ubungo ilienda NCCR-Mageuzi, mbunge akawa Dk. Masumbuko Lamwai, mwanasheria, mtu wa maneno makali, enzi hizo NCCR ndo ilikuwa habari ya mjini na mgombea wao wa urais, Mrema, anasukumwa kwenye gari na vijana. Hapo jamaa yako kapata. Lakini 2000 CCM wakalichukua jimbo na Charles Keenja. Huyu watu walishamjua kabla hajagombea, kwa sababu 1996 serikali ilivunja halmashauri ya jiji ikaweka Tume ya Jiji na yeye akawa mwenyekiti wake mpaka 2000, kwahiyo alikuja kuomba kura akiwa na kitu cha kuonyesha, barabara, usafi, na kadhalika. Akakaa vipindi viwili, akawa pia waziri wa kilimo humo katikati. Waziri wa kilimo anatoka Ubungo! Sisi tulicheka sana, shamba lenyewe kubwa tulilokuwa nalo ni mchicha wa bondeni.

2005 Keenja alipambana na kijana wa miaka 24 anaitwa John Mnyika, wa Chadema. Kijana akashindwa. Wengi mngeenda zenu kutafuta kazi nyingine, yeye akarudi 2010 na safari hii mpinzani wake wa CCM alikuwa Hawa Ng'humbi. Mnyika akapata kura elfu 66 na ushee, mama elfu 50 na ushee, na matokeo yalichelewa mpaka watu wakakesha nje kulinda kura zao. 2015 Saed Kubenea, yule wa gazeti la MwanaHalisi, akaibakiza Ubungo kwa Chadema mbele ya Dk. Didas Masaburi aliyekuwa Meya wa Jiji. 2020 CCM wakarudi na Prof. Kitila Mkumbo, mpinzani wake mkubwa akiwa Boniface Jacob wa Chadema ambaye naye alikuwa ametoka kuwa meya wa Ubungo.

Sasa piga hesabu. NCCR miaka 5, Chadema miaka 10, jumla 15. CCM miaka 10 ya Keenja na 5 ya kwanza ya Mkumbo, jumla 15. Mpaka inafika Oktoba 2025 ilikuwa sare, 15 kwa 15, ngome iko wapi hapo? 2025 Mkumbo akarudi tena, ila mwaka huo Chadema hawakuwemo kabisa kwenye karatasi baada ya kugoma kusaini kanuni za maadili ya uchaguzi, kwahiyo hiyo mie siwezi kuitumia kupima ngome ya mtu. Gawaneni supu, pweza mmoja nitumieni.

Na kitu kimoja nilikigundua wakati naandika haya. Kati ya wabunge watano waliokalia kiti hicho, watatu wameshavua shati moja wakavaa lingine. Lamwai alitoka NCCR akarudi CCM. Kubenea aliondoka Chadema 2020 akaenda ACT-Wazalendo akagombea Kinondoni. Mkumbo alikuwa kamati kuu ya Chadema, akafukuzwa mwanzoni mwa 2014, akapitia ACT, 2017 Magufuli akampa ukatibu mkuu Wizara ya Maji, ndo huyo sasa CCM. Keenja na Mnyika tu ndo wameganda walipokuwa. Mtu akikwambia Ubungo ni ya chama fulani muulize kwanza mbunge mwenyewe mwaka ule alikuwa wa chama gani.

Mzee wangu, mama yangu anasema mwaka 95 alipiga kura mara mbili. Namwambia mama huo si wizi wa kura, anacheka tu. Ni kweli au ananitania? (Binti wa Sinza)

Mama yako hakuiba kitu, mpe heshima yake! Hata mie nilipiga mara mbili.

Ilikuwa Jumapili ya 29 Oktoba 1995. Zanzibar walishapiga zao wiki moja kabla. Mie nilikuwa mstarini asubuhi na mapema na chapati zangu mbili kwenye mfuko wa nailoni, saa mbili, saa tatu, saa sita, karatasi hazijafika. Sehemu nyingine zilifika karatasi ila hamna wino, kwingine masanduku hamna, kwingine watu walianza kupiga jua linazama kwa mwanga wa koroboi. Kina mama walikuwa wanapeana zamu ya kwenda kupika na kurudi. Chapati nilizila saa nne, baada ya hapo ni njaa na hasira.

Mwishowe Tume ya Uchaguzi ikafuta uchaguzi wa Dar es Salaam yote, majimbo saba, Ilala, Ukonga, Temeke, Kigamboni, Kinondoni, Kawe na Ubungo, ikapangwa turudie tarehe 19 Novemba. Sasa hapo katikati matokeo ya mikoani yalishaanza kusomwa na Mkapa wa CCM anaongoza, wagombea urais wa upinzani wakasema hawautambui tena uchaguzi wenyewe, na mtaani watu wengi wakakata tamaa hawakurudi mstarini. Ndo maana mie huwa nashangaa ushindi wa Lamwai, yaani katika marudio yale, na upepo ule, Ubungo bado ikampa mtu wa NCCR. Muulize mama alimpa nani, kama atakwambia. Wangu hakuniambia mpaka leo.

Naishi Saranga lakini siku zote najiita mtu wa Kimara. Rafiki yangu wa Kimara mbunge wake sio wangu, na tunapanda mwendokasi mmoja. Nani katukata? (Msomaji wa siku nyingi)

Mlikatwa 2015. Ubungo ya zamani ilikuwa kubwa mno, inaanzia huku Manzese kwenye vyumba vya kupanga na choo kimoja familia sita, inaenda mpaka Kibamba kwenye viwanja vya watu wenye mbuzi na migomba. Watu waliongezeka, likazaliwa jimbo la Kibamba. Ubungo ikabaki na Manzese, Mabibo, Mburahati, Makurumla, Makuburi, Sinza, Kimara na Ubungo yenyewe. Kibamba ikachukua Mbezi, Goba, Msigani, Kwembe, Kibamba na hapo kwenu Saranga.

Mnyika akakuacheni? Hapana, alikufuateni. Aliiacha Ubungo akagombea Kibamba, akamshinda Fenella Mukangara aliyekuwa waziri wa habari, na kwa Ubungo ndo akapangwa Kubenea. Mwaka ule Ukawa, umoja wa vyama vya upinzani vya Chadema, CUF, NCCR na NLD, waliachiana majimbo, na Dar ikawaka kwelikweli, majimbo 10 wao wakachukua 6: Ubungo, Kibamba, Kawe, Kinondoni, Temeke na Ukonga. CCM wakabaki na Ilala, Segerea, Mbagala na Kigamboni.

Ndo maana ukilinganisha kura za Mnyika za 2010 na za Kubenea za 2015 unalinganisha pilau na wali, jina la jimbo lilelile ila watu na mipaka sio ile. Na kisu hakijalala, 2025 Ukonga imetoa jimbo la Kivule na Mbagala imetoa Chamazi. Kachambue kadi yako vizuri usije ukasimama foleni ya mwenzio.

Kwani mbunge akihama chama kwa nini sisi ndo tunarudishwa kupiga kura? Si aendelee tu, tulimchagua yeye. Halafu kama mtu naona matokeo sio sawa naweza kwenda mahakamani mie mwenyewe? (Dereva bajaji, Mabibo)

Kaka, katiba ya nchi hii, ibara ya 71, inasema mbunge akiacha uanachama wa chama kilichompeleka bungeni kiti kinakufa papo hapo. Hatuna mgombea binafsi, kwahiyo kwa sheria wewe hukumchagua yeye peke yake, ulimchagua na fulana aliyovaa. Najua inauma.

Dar tumeyaona sana hayo. Temeke 1996 ilikuwa na uchaguzi mdogo uliompa ubunge Mrema mwenyewe, 1999 akahamia chama cha TLP, kiti kikapotea. Kinondoni ndo mfano wa karibu: Maulid Mtulia wa CUF alishinda 2015 kwa kumwangusha Idd Azzan, Desemba 2017 akatangaza kuhamia CCM, tarehe 17 Februari 2018 wakarudi kumchagua mtu yuleyule kwa shati jipya, akamshinda Salum Mwalimu wa Chadema kwa kura elfu 30 na kitu dhidi ya elfu 12 na kitu. Siku moja kabla polisi walikuwa wanatawanya maandamano ya Chadema, risasi ikampata mwanafunzi wa chuo cha usafirishaji, NIT, Akwilina Akwilini, akiwa ndani ya daladala tu anapita zake. Mimi jimbo lile likitajwa sikumbuki kura, namkumbuka yule binti. Mwaka huohuo Waitara wa Ukonga akafanya vilevile, na Mtolea wa Temeke akarudi bungeni bila hata kura kupigwa, alipita bila kupingwa.

Mahakamani ndiyo, unaweza, kama ni matokeo ya ubunge. Mpiga kura aliyejiandikisha kwenye jimbo anaruhusiwa, sio mgombea peke yake, na unaenda Mahakama Kuu ndani ya siku 30. Ya urais hapana, katiba imefunga mlango. Ila andaa mfuko, kwa sheria iliyotumika kwenye kesi za 2010 na 2015 dhamana ya gharama inaweza kufika milioni 5 kwa kila unayemshtaki. Na andaa subira. Ng'humbi alimshtaki Mnyika baada ya 2010, madai mengine ni kashfa za kwenye kampeni, mengine ni kompyuta zilizotumika kujumlisha kura, na hukumu ilikuja kutoka Mei 2012, akashindwa. Mwaka mmoja na nusu hiyo. Bajaji nani ataendesha?