Maswali ya Wasomaji: Dampo Lina Nafasi, Mbona Shehena Inarudishwa?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninasimamia karakana ya magari. Hivi karibuni lori letu lililobeba tope la mashimo ya kuoshea magari lilirudishwa kutoka kwenye mizani ya dampo, ingawa ndani kuna eneo kubwa tupu na malori mengine yaliruhusiwa kupita huku dereva wetu akitazama. Tuliambiwa kwamba tope lina maji na kwamba halina majibu ya maabara. Mwenzangu anashauri tulichanganye na udongo mkavu, kisha tulipeleke tena. Je, jambo hilo linaruhusiwa?

JIBU: Ndugu msimamizi, kibali cha dampo si ruhusa ya kupokea taka yoyote ile. Kwa kawaida hutaja aina za taka zinazokubaliwa, kiwango cha juu cha tani kwa siku, ujazo wote utakaozikwa, na hata kimo ambacho rundo halitakiwi kukivuka. Eneo tupu aliloliona dereva wako huenda bado halijatandikwa sakafu ya kuzuia uvujaji, na kumwaga taka hapo, hata kidogo, ni kuvunja masharti.

Sakafu hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini tope lako lilikataliwa. Kanuni za shirikisho za Marekani, kwa mfano, hutaka tabaka la udongo ulioshindiliwa lenye unene wa sentimita 60, juu yake plastiki nzito, pamoja na mfumo wa kukusanya maji machafu ili kina chake juu ya sakafu kisizidi sentimita 30. Kadiri maji hayo yanavyozidi kina, ndivyo uzito wake unavyoyasukuma kupenya kwenye tundu lolote dogo lililojificha. Mvua pekee humpa mwendesha dampo kazi ya kutosha. Hana sababu ya kuongezewa maji na wateja.

Kipimo cha maji ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Sampuli ya gramu 100 huwekwa kwenye chujio la wavu lenye umbo la pia, la aina inayotumika kuchujia rangi, na kuachwa kwa dakika 5. Tone moja likidondoka, taka hiyo huhesabiwa kuwa na maji huru. Mnaweza kuifanya kazi hiyo wenyewe kabla ya kupakia, nami ningewashauri mfanye hivyo.

Kuhusu kuchanganya, hapa pana mambo mawili ambayo watu huyaunganisha. Kukausha tope, au kulitia kitu cha kufyonza maji ili lisidondoke, ni matibabu ambayo kanuni nyingi huyakubali, mradi yafanyike mahali panaporuhusiwa na kwa kitu kinachofaa. Unga wa mbao, kwa mfano, huoza na kuyaachia tena maji uliyoyanyonya. Lakini kuongeza udongo ili kiwango cha madini ya risasi au mafuta kionekane kidogo kwenye karatasi ya maabara ni jambo jingine kabisa. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 1999 kuhusu madampo linakataza waziwazi kuzimua au kuchanganya taka kwa lengo la kutimiza masharti ya kupokelewa tu. Sababu yake iko wazi: uzito wa sumu inayozikwa haupungui hata chembe, na nafasi ya dampo inaliwa maradufu.

Majibu ya maabara mliyodaiwa ndiyo yanayoamua taka iende dampo gani. Ulaya hugawa madampo katika makundi matatu: la taka tulivu kama vifusi, la taka zisizo hatarishi, na la taka hatarishi. Sampuli hutikiswa ndani ya maji yenye uzito mara 10 ya taka, kisha hupimwa kilichotoka. Kwa risasi, kikomo cha kawaida ni miligramu 0.5 kwa kila kilo ya taka katika kundi la kwanza, 10 katika la pili na 50 katika la tatu. Kwa hiyo tope lilelile laweza kukataliwa katika dampo moja na kupokelewa kihalali katika jingine. Wajibu wa kulijua tope hilo, ndugu yangu, ni wenu mliolizalisha. Karani wa mizani anahakikisha tu kwamba kilichomo ndani ya lori ndicho kilichoandikwa kwenye hati.

SWALI: Sisi ni wasafirishaji. Shehena yetu, ambayo hati zake zilikuwa kamili, ilikataliwa alasiri kwa madai kwamba tani za siku zimekwisha. Jana yake dampo lilikuwa karibu tupu. Kwa nini nafasi ya jana isihamishiwe leo?

JIBU: Kwa sababu kikomo cha siku hakikuwekwa kwa ajili ya nafasi. Kiliwekwa kwa kuangalia uwezo wa mitambo kushindilia taka na kuzifunika kabla ya siku kwisha, pamoja na idadi ya malori yanayovumilika barabarani. Taka za leo zinahitaji udongo wa leo, yaani sentimita 15 hivi katika kanuni za Marekani, ili inzi, panya, harufu na moto visipate mwanya. Vibali vingine hupima kwa wastani wa mwezi au mwaka, na hapo siku yenye shehena chache humsaidia anayefuata. Ulizeni chenu kinasomekaje. Kumbukeni pia kwamba kibali huweka ukomo wa juu tu: mwendesha dampo anaweza kukataa hata kile anachoruhusiwa kupokea, isipokuwa kama mkataba wenu unamfunga.