Yule aliyefunikwa kichwa pale Piazza Navona

SWALI: Habari za kazi wahariri. Nilipita Roma siku tatu, jamaa aliyekuwa anatutembeza akatupeleka Piazza Navona, akasema lile sanamu la chemchemi ya katikati limefunikwa kichwa kwa sababu Bernini aliyeichora alikuwa haivi na Borromini, yule wa kanisa lililo mbele yake, kwa hiyo sanamu halitaki hata kuliona, na lile jingine limeinua mkono likiogopa kanisa lisije likaliangukia. Tulicheka sana ila mdogo wangu anasema hizo ni stori za kuchangamsha watalii. Nani mkweli? Na kwa nini ule uwanja ni mrefu vile kama wa kukimbilia?

JIBU: Mdogo wako kashinda. We angalia miaka tu: chemchemi ilizinduliwa 1651, ujenzi wa kanisa hilo unaloliona, Sant'Agnese in Agone, ukaanza 1652, na Borromini mwenyewe akaukuta umeshaanza, akaingia 1653. Sanamu gani hiyo inaogopa ukuta ambao bado haujajengwa? Kwamba wale wawili walikuwa wapinzani, hilo kweli, na ndo maana uongo wenyewe umenoga.

Wale wanne ni mito: Danube, Ganges, Rio de la Plata na huyo wa kujifunika, ambaye ni Nile. Kafunikwa kwa sababu wazungu wa enzi hizo walikuwa hawajui unaanzia wapi, Speke, mpelelezi wa Kiingereza, alikuja kufika Ziwa Victoria 1858, yaani miaka mia mbili na zaidi baadaye (watu wa kando ya ziwa muda wote huo wanajivulia samaki wao, hakuna aliyewauliza). Kwa hiyo mimi nikimtazama yule jamaa naona aliyefunikwa ni Roma, sio Nile.

Ule mnara wa jiwe juu yao nao una vituko vyake. Jiwe ni la Misri kweli, lakini maandishi yalichongwa kwa amri ya kaizari Domitian kumsifu yeye mwenyewe, halafu ukaja kukutwa umelala vipande vipande nje ya mji, njia ya Via Appia, ndo Papa Innocent wa 10 akauleta hapo, mbele ya jumba la ukoo wake wa Pamphilj ambalo siku hizi ni ubalozi wa Brazil. Hela ilitoka kwenye kodi, mpaka ya mkate, na watu walinung'unika kwamba wanataka mkate sio mawe.

Kuhusu urefu, umepatia bila kujua. Huyohuyo Domitian alijenga hapo kiwanja cha riadha mwaka 86 hivi, mbio za miguu, mieleka na ngumi, sio magari ya farasi kama wengi wanavyosema. Baadaye watu wakajenga nyumba juu ya majukwaa na katikati pakabaki wazi, ndo maana upande mmoja umepinda vizuri kabisa. Hata jina limetoka kwenye michezo, "in agone" (yaani kwenye mashindano), likapindishwa mdomoni mpaka likawa Navona. Soko lilihamia hapo 1477 likakaa karibu miaka mia nne mpaka lilipopelekwa Campo de' Fiori 1869, na kuanzia 1652 wikiendi za Agosti walikuwa wanaziba mifereji ya chemchemi maji yajae uwanja mzima, matajiri wanapita na magari yao ya farasi humohumo majini, watoto wanaoga. Ningependa sana kuona hiyo.

Mkirudi msiishie kwenye sanamu. Zungukeni nyuma ya ule upande uliopinda, Piazza di Tor Sanguigna, mchungulie chini ya jengo: matao ya kile kiwanja bado yapo, mita kadhaa chini ya barabara ya sasa.