Vaa viatu hata kama hutoki

Mwaka wangu wa kwanza kufanyia kazi kampuni ya Dar es Salaam nikiwa hapa Shangani, Mtwara, mtaa mzima uliamini sina kazi. Bibi wa nyumba ya pili aliniita barazani: "Mjukuu wangu, bado hujapata tu?" Akanisogezea sahani ya ming'oko kwa huruma. Nilikula, halafu nikarudi ndani kumalizia hesabu za mwezi.

Hilo lilinichekesha. Lililonichosha lilitoka upande wa pili: bosi naye haamini kwamba nimetoka kazini. Saa tatu usiku simu inaita, "Si uko nyumbani tu?" Nami nafungua kompyuta, nisije nikaonekana mvivu.

Nilipokuja kusoma utafiti wa Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake, nilijiona humo. Waliwafuatilia wahudumu wa simu wa kampuni ya usafiri ya Ctrip, China, kwa miezi tisa. Waliofanyia kazi nyumbani utendaji wao ulipanda kwa asilimia 13, na walioacha kazi wakapungua kwa nusu. Ajabu ni kwamba jaribio lilipokwisha, karibu nusu yao waliomba kurudi ofisini. Upweke! Utafiti wao mwingine, uliotoka 2024, uliona nafuu kwa wanaokaa nyumbani siku mbili tu kwa wiki. Sawa, ila ofisi yangu iko zaidi ya kilomita 500.

Basi nikajitengenezea safari ya kwenda kazini. Saa mbili kasoro navaa viatu vya kufunga kamba, natembea hadi ufukweni, narudi kwa mlango wa uani na kuingia chumba cha kazi. Saa kumi na moja navivua. Usicheke. Wanangu wameelewa haraka kuliko watu wazima: baba akiwa na viatu, hayupo.

Kwa bosi viatu havisaidii, huko ni maandishi. Tulikubaliana kwamba ujumbe wa baada ya saa kumi na moja nitausoma asubuhi, na la dharura anipigie simu ya kawaida. Wiki ya kwanza alipiga mara nne. Sikugomba, niliuliza tu kila mara, "Hili haliwezi kungoja kesho?" Mara tatu liliweza.

Hiyo simu ya kawaida usiidharau. Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipokatika, laini zangu mbili za intaneti zilikwama zote, na mafaili yangu yote yalikuwa mtandaoni. Siku hizi kila jioni, kabla ya kuvua viatu, nahifadhi nakala za kazi ya kesho kwenye kompyuta.

Bibi akiniona na kandambili hupaza sauti, "Umefunga?" Namjibu nimefunga, naenda kukaa naye barazani. Bado anaamini nauza vocha humo ndani.