Sikio lililoziba: usiishie mlangoni

Iko siku mama ataingia kliniki na mtoto aliyevalishwa kofia hadi chini ya masikio. Ataivua taratibu, nanyi mtaona kisikio kidogo kilichojikunja, na penye tundu pana ngozi tupu. Hali hii humpata takribani mtoto mmoja katika 10,000 hadi 20,000, mara nyingi upande mmoja, na zaidi wa kulia. Ninyi mnaoanza kazi hii, nawasihi msiishie hapo mlangoni.

Mimi niliishia. Nilitazama picha za CT, zile zinazoonyesha mifupa ya ndani kipande kwa kipande, nikaona bonge la mfupa mfano wa kipande cha tangawizi pale vilipopaswa kuwa nyundo na fuawe, vifupa viwili vya kwanza vya kupitisha sauti, nikasema, "Mama, ndani hamkuumbika." Mama hakujibu. Alimrudishia mtoto kofia. Daktari mkubwa wangu alisogeza picha moja moja kwenda chini, akasimama kwenye kikuku, kifupa cha tatu kinachofikisha sauti sikio la ndani: vijiguu viwili vyembamba, vimekaa sawasawa. Nililazimika kumwita mama nimwombe radhi.

Tangu hapo huanza na kikuku. Kwenye masikio haya nyundo na fuawe huwa vimeungana, tena mara nyingi vimegandana na ule ubao wa mfupa uliokaa mahali pa kiwambo cha sikio. Lakini kikuku kina asili nyingine kwa sehemu kubwa, na mara nyingi hubaki kizima. Sikio la ndani ndilo liko mbali kabisa: lina chanzo chake na huanza kuumbika mapema mno, ilhali njia ya sikio huzibuka mimba ikiwa na miezi mitano au sita. Ndiyo maana mlango unaweza kufungwa na ndani kukawa salama. Hata mizani ya alama 10 aliyoitoa daktari wa masikio Jahrsdoerfer mwaka 1992, ya kupima nani afanyiwe upasuaji, hukipa kikuku alama 2. Vingine vyote, pamoja na sura ya sikio la nje, hupata 1 kila kimoja.

Kisha itafuteni neva ya uso. Hapa haikai ilikozoeleka: hukata kona kali, ikasogea mbele na nje, pengine ikalala juu ya kidirisha cha kikuku, yaani tundu ambamo kikuku huketi. Asiyejua ilipo asishike drili, maana uso wa mtoto unaweza kupooza.

Lakini jamani, kichanga hahitaji CT. Anahitaji kusikia. Kuziba huko humpotezea desibeli 40 hadi 60, na kama ni masikio yote mawili, maneno ya nyumbani hayamfikii. Mpimeni kwa sauti inayopita kwenye mfupa wa kichwa, mumfungie kifaa cha kusikia cha njia hiyo, cha mkanda kichwani, ndani ya miezi ya mwanzo. Upasuaji utajadiliwa akishakua. Wa kufuatiliwa kwa karibu ni yule mwenye njia nyembamba mno, milimita 2 au chini yake, kwa sababu ngozi inayonasa humo hujikusanya na kula mfupa.

Kwa mkubwa kidogo, ambaye sikio moja limeziba, mimi hugonga uma wa sauti na kuusimamisha katikati ya paji la uso. "Unasikia wapi, mwanangu?" Mara nyingi mkono huenda kwenye lile lililoziba: sauti imepita mfupani, na ndani kumeisikia. Mama huwa amekaa pale pale, anaona.