Re: Jimbo la New York linaweza kuuza msitu wa Adirondack?

Ndugu yangu wa Utica, umeuliza kama gavana anaweza kuamka siku moja akauza msitu unakokwenda kuvua samaki. Kama eneo lenyewe limo kwenye Hifadhi ya Misitu ya jimbo, yaani ardhi ya jimbo inayolindwa kwenye milima ya Adirondack na Catskill, hawezi. Tangu katiba ya 1894, Ibara ya 14 (zamani ilikuwa ya 7) inakataza ardhi hiyo kuuzwa, kukodishwa, hata miti yake kukatwa. Kuibadilisha ni shughuli pevu: mabunge mawili yanayofuatana (la sasa na litakalochaguliwa baada yake) yapitishe, kisha wananchi wapige kura.

Wala si maandishi ya kupamba ukuta. Mwaka 2021 mahakama ya juu ya jimbo iliizuia idara ya mazingira, serikali yenyewe hiyo, isikate maelfu ya miti kutengeneza njia za pikipiki za theluji.

Ila angalia vizuri, maana hapa wengi wanachanganya mambo. Kuwa ndani ya mpaka wa Adirondack hakutoshi. Karibu nusu ya ardhi mle ni ya watu binafsi. Na misitu mingi ya jimbo iliyo nje ya Adirondack na Catskill huvunwa mbao kihalali kabisa. Kwa hiyo fungua ramani ya idara, utafute kipande chako kimeandikwa nini.

Idara ikitoa mpango wa kusimamia eneo hilo, tuma maoni ndani ya muda. Huhitaji uraia kutoa maoni. Kura ndiyo inayohitaji.